Kunyoosha Nywele kwa Uzi na Kuzibana kwa Ajili ya Sherehe

Karibuni, watazamaji wapendwa. Leo nitawaonesha namna ya kunyoosha nywele za asili kwa uzi bila kutumia moto, kisha kuzibana kifundo kisogoni, mtindo unaofaa kwa harusi, sendofu au kipaimara. Hapa Moshi, Desemba inapofika na watu kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, foleni za saluni huwa ndefu mno, hivyo ni vyema kujua kuzitengeneza mwenyewe mbele ya kioo.

Andaa shampuu, kondishena, mafuta ya nazi, chanuo lenye meno mapana, kitana chenye mkia, uzi mweusi wa kusukia, bendi laini, pini, fungu moja la rasta linalofanana na rangi ya nywele zako, na kitambaa cha satini. Uzi wa kushonea nguo usiutumie hata kama upo tayari kabatini, kwa kuwa ni mwembamba na hukata nywele.

Kazi huanza asubuhi ya siku inayotangulia sherehe. Osha nywele, paka kondishena, zichambue kwa chanuo kuanzia nchani kuelekea kwenye shina, kisha suuza na uzifute kwa fulana ya pamba mpaka zibaki na unyevunyevu tu. Unyevu huo ndio unaotufanyia kazi, kwani maji hulegeza vifungo vidogo vilivyo ndani ya unywele, na vifungo hivyo hujishika upya maji yanapokauka. Unywele uliokauka ukiwa umevutwa hubaki umenyooka hadi utakapolowa tena. Kwa sababu hiyo, wale mlioko Arusha, na hata sisi wa Moshi katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapotanda na jua kukawia kutoka, tuoshe mapema zaidi, maana nywele zikifumuliwa kabla hazijakauka hurudi na kujikunja palepale.

Sasa tazameni mikono yangu. Nimegawa kichwa mafungu kumi na mawili, nikapaka mafuta kidogo kwenye kila fungu. Ninazungusha uzi mara tatu kwenye shina, bila kuukaza kiasi cha kuivuta ngozi, kisha ninavuta fungu kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukiteremka na uzi kwa mizunguko iliyokaribiana hadi nchani, ambako ninafunga fundo. Mizunguko ikiachana sana, nywele hubaki na mawimbi. Wapo wanaoyapenda mawimbi hayo, lakini kwa kifundo laini cha leo tunataka ikaribiane. Ukihisi maumivu au ukiona vipele vidogo kwenye mashina, legeza mara moja, hasa nywele za mbele na za pembeni ya masikio, ambazo zikivutwa mara kwa mara huweza kukatika na hatimaye zisiote tena. Mama zetu walizinyoosha hivi kabla umeme haujaingia majumbani, na kwa maoni yangu njia hii inaipita pasi ya nywele, kwa sababu nywele zilizoungua hazirudii mkunjo wake. Ukimaliza, lala ukiwa umefunga kitambaa cha satini.

Siku ya sherehe, vaa nguo kwanza ikiwa ni ya kuvalia kichwani, ndipo ufumue uzi kuanzia nchani. Chana polepole, kusanya nywele zote kisogoni na uzifunge kwa bendi. Viringisha rasta liwe kama mpira mdogo, libane juu ya bendi kwa pini mbili, kisha tandaza nywele zako juu yake pande zote hadi lisionekane, na ncha zinazobaki uzipitishe kwa chini kuzunguka kifundo.

Katika kubana pini wengi hukosea. Upande wenye mawimbi ndio unaopaswa kugusa ngozi ya kichwa, kwa sababu ndio unaoshika. Na mahali panapolegea, pitisha pini mbili zikatizane badala ya kuongeza nyingi zinazolala upande mmoja. Tikisa kichwa kama mtu anayecheza muziki ukumbini, na kifundo kikisogea, ongeza pini upande huo.

Laza nywele za mbele kwa jeli kidogo na ufunge kitambaa kwa dakika kumi. Shika kioo cha pili nyuma ya kichwa ukague kisogo, kwani wageni wanaoketi nyuma yako ndio watakaokitazama muda mrefu zaidi. Mvua za vuli zikikukuta njiani, jifunike kofia ya plastiki chini ya mtandio. Ukirudi, toa pini zote na bendi kabla ya kulala, na usuke mabutu manne makubwa ili nywele zisijikunje usiku.