Pilau ya watu mia, usiku wa kuamkia harusi

MWANAIDI: Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote mnaotusikiliza. Leo tuko uani. Kesho ni ndoa, na usiku huu kuna watu mia wa kulishwa: wageni walioshuka basi kutoka mikoani, mashangazi, wasimamizi waliotoka mazoezini, vijana waliofunga turubai. Mpishi wa kukodi hayupo. Wanapika wenye shughuli wenyewe.

HAMISI: Aleikum salaam. Nianze na msimamo wangu, dada Mwanaidi: usiku huo ni pilau, kachumbari, ndizi mbivu na juisi ya ukwaju. Basi. Biriani, kuku wa kupaka na sambusa vingojee kesho. Kila chakula unachoongeza kinataka jiko lake, mtu wake na chombo chake, na ua wa nyumba ya kawaida hauna nafasi ya majiko matano.

MWANAIDI: Na waliopo usiku huo ndio wanaoamka alfajiri kwa kazi ya kesho. Ukiwachosha leo, kesho huna watu. Twende kwenye hesabu. Mia hao wanahesabiwaje?

HAMISI: Hesabu vichwa vitakavyokuwepo saa mbili usiku, maana waalikwa wa usiku huo hawana kadi. Wanaosahaulika ni walewale kila mara: wapishi, madereva, wa muziki, na majirani waliotoa masufuria yao. Watoto wawili wa chini ya miaka kumi wahesabu mtu mmoja. Ukishapata jumla, ongeza sehemu moja ya kumi, usizidishe hapo. Kipimo changu ni gramu 120 za mchele mkavu kwa mtu. Watu 100 ni kilo 12.

MWANAIDI: Na nyama kilo kwa kilo. Mchele kilo 12, nyama ya ng'ombe kilo 12 yenye mifupa kiasi. Hapa mwambie mwenye bucha neno mahususi: kila kilo itoe vipande 16 hadi 18. Ukipata 17, una vipande 204, yaani viwili kwa kila mtu na vichache vya akiba. Ukimwambia tu "kata vya pilau", kilo moja itatoka na vipande kumi, nyingine ishirini na tano, na ugomvi utakuja wakati wa kupakua.

HAMISI: Vitunguu maji kilo 4 vya pilau yenyewe, mbali na vya kachumbari. Viazi mviringo kilo 6, vya wastani, ukivikata katikati unapata nusu 120 hivi. Mafuta lita 2. Tangawizi nusu kilo, vitunguu saumu gramu 400. Viungo sasa, dada, hapo ni kwako.

MWANAIDI: Bizari nyembamba, wengine mnaiita uzile, gramu 180. Pilipili manga 60, mdalasini 60, iliki 50, karafuu 20. Karafuu usiongeze hata ukisikia harufu haitoshi, maana ikizidi pilau huwa chungu na ulimi unakufa ganzi. Nunua viungo vizima, vikaange kavu kwa moto mdogo, kisha saga nusu tu. Nusu nyingine iingie nzima. Vya kusagwa dukani vimekaa muda mrefu, harufu imekwisha toka, ndiyo maana mtu anamimina paketi tatu na bado hasikii kitu.

HAMISI: Nyanya je? Kuna nyumba haziwezi kupika pilau bila nyanya.

MWANAIDI: Kwa sufuria ya nyumbani, kila mtu na mapenzi yake. Kwa kilo 12 nakataa. Nyanya ni maji usiyoweza kuyapima, na katika pilau kubwa maji ndiyo yanayoamua kila kitu. Nyanya zangu zote ziende kwenye kachumbari.

HAMISI: Na rangi?

MWANAIDI: Rangi inatoka kwenye vitunguu, si kwenye nyanya wala si kwenye unga wa rangi. Ndipo wengi wanapokosea. Wanamimina kilo nne za vitunguu kwa mara moja kwenye mafuta. Vitunguu vinatoa maji, mafuta yanapoa, badala ya kukaangika vinachemka. Baada ya nusu saa ni vyeupe na vimelainika, mtu anachoka anaweka nyama. Pilau inatoka ya njano, haina ladha. Kaanga kwa mafungu manne, kilo moja moja, mafuta yawe yamepata moto, vikatwe vyembamba na kwa unene mmoja. Vitoe vikiwa kahawia ya dhahabu, maana vitaendelea kukolea vikiwa nje. Ukisubiri viwe kahawia nzito ndani ya mafuta, umevichelewa, vitakuwa na uchungu.

HAMISI: Na hilo lifanyike siku moja kabla.

MWANAIDI: Hasa. Vitandaze kwenye sinia lenye karatasi, vikipoa viweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Yale mafuta usimwage, ndiyo ya kupikia pilau. Siku hiyohiyo, mchana kukiwa na mwanga, mchele upepetwe na kuchaguliwa mawe. Watu wawili na nyungo mbili. Mkichagua usiku chini ya taa, jino la mgeni litawaambia.

HAMISI: Kuhusu mchele wenyewe: wote utoke gunia moja. Ukichanganya wa duka hili na lile, mmoja utaiva mwingine ukiwa na kiini. Mchele wa msimu huu unataka maji machache kuliko uliokaa ghalani, hata ukiwa ni uleule wa Kyela. Kwa hiyo wiki moja kabla, pika vikombe viwili vya mchele huohuo nyumbani uone unavyokunywa maji.

MWANAIDI: Masufuria mangapi?

HAMISI: Mawili ya lita 40, kila moja kilo 6 za mchele. Najua kuna raha ya kuona sufuria moja kubwa. Lakini kilo 12 pamoja, wa chini unalemewa na uzito unapondeka, wa juu haupati mvuke, na kugeuza kunataka mwanamume mwenye mgongo. Tena likiungua moja, jingine lipo. Likiungua la pekee, watu mia hawana chakula.

MWANAIDI: Sasa maji, kaka Hamisi. Tukae hapa kidogo.

HAMISI: Tukae. Watu wanachukua kipimo cha nyumbani, kikombe cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, wanakizidisha mara arobaini. Wanapata bokoboko. Sababu ni mvuke. Sufuria ndogo inapoteza maji mengi ukilinganisha na kilichomo. Sufuria kubwa ni ya kina, mdomo wake ni mdogo kwa wingi wa mchele, maji hayatoki kwa kasi ileile. Kwa kilo 6 za mchele wa kawaida naanza na lita 9 za supu, na pembeni naweka lita moja na nusu ya maji yanayochemka. Kuongeza unaweza, kupunguza huwezi. Basmati iliyolowekwa nusu saa, anza na lita 8.

MWANAIDI: Na hizo lita zipimwe kwa jagi lenye alama, si kwa macho. Nyama kilo 12 ikichemshwa haitoi supu ya kutosha masufuria yote mawili. Pima iliyopo, gawa sawa, pungufu jaza maji yaliyochemka. Maji baridi yanashusha moto, mchele unakaa kwenye maji ya vuguvugu na nje unalainika kabla ndani hakujaiva.

HAMISI: Chumvi ionjwe kwenye supu kabla mchele haujaingia. Ikolee kidogo kuliko supu ambayo ungekunywa kwa raha, kwa sababu mchele na viazi vitaivuta. Ukionja na kusema "sawasawa", pilau itakuwa chapwa, na chumvi ya juu haiingii tena.

MWANAIDI: Tuwape saa. Chakula ni saa mbili usiku, baada ya Isha.

HAMISI: Hesabu kurudi nyuma. Saa tisa alasiri nyama iko motoni na chumvi, nusu ya tangawizi na saumu, povu linaenguliwa. Saa kumi na nusu imeiva lakini bado imeshikana. Itoe, ihifadhi kwenye sufuria yenye supu kidogo, ifunikwe, juu ya makaa ya moto. Saa kumi na moja mafuta motoni: viazi vikaangwe kwanza vipate ngozi, vitolewe, la sivyo vitavurugika. Kisha tangawizi na saumu zilizobaki, viungo, vitunguu vya jana, supu. Ikichemka kwa nguvu, kama saa kumi na moja na dakika arobaini, mchele unaingia. Usiuoshe mapema ukauacha saa nzima kwenye chekeche, punje zinapasuka. Osha, chuja, mimina.

MWANAIDI: Moto mkali mpaka maji yalingane na mchele, ndipo unageuza mara moja tu, mwiko ukipita ukingoni kwenda chini na kuinua. Viazi vinarudi hapo. Kuanzia hapo mwiko ukae mbali. Mtu anayefunua na kukoroga kila dakika tano ndiye anayevunja punje.

HAMISI: Magharibi inaingia kama saa kumi na mbili na nusu. Panga maji yawe yamekauka kabla ya hapo, kuni zitolewe chini, ubaki moto wa kufukiza. Funika kwa majani ya mgomba au foili, mfuniko, kisha upalie makaa juu. Watu wakaswali, pilau inajipika. Dakika arobaini na tano hadi saa nzima. Hata kama mnapikia kuni, mkaa wa kupalia uwepo, uwashwe mapema. Na kuni ziwe kavu. Moshi wa kuni mbichi unaingia kwenye chakula na hauondoki.

MWANAIDI: Nyama irudi juu wakati wa kupalia, ikae tabaka lake, isichanganywe. Ladha yake imekwisha ingia kwa supu. Ukiichanganya chini, sinia za mwanzo zinaondoka na nyama yote, za mwisho zinapata wali na viazi, na za mwisho mara nyingi ndizo za wapishi.

HAMISI: Mambo yakiharibika?

MWANAIDI: Juu kuna kiini: nyunyiza maji yanayochemka, nusu lita kwa mkono, funika tena, ongeza makaa juu. Maji yamezidi: ondoa moto wote wa chini, toboa matundu kwa mpini wa mwiko mpaka chini, acha wazi dakika kumi, kisha upalie. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue wala usigeuze. Epua hapohapo, hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, simama kabla hujafika kwenye ukoko mweusi. Harufu husambaa kwa mvuke, kwa hiyo dakika mbili za kusitasita zinatosha kuipeleka sufuria nzima.

HAMISI: Kachumbari iwe ya mwisho. Nyanya kilo 5, vitunguu kilo 3, ndimu 15, pilipili kando kwa ajili ya wazee na watoto. Vitunguu vifikichwe na chumvi na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, ukali unatoka. Ndimu na chumvi ziingie wakati sinia zinapangwa. Ukitia mapema, nyanya zinaachia maji na watu wanakula supu. Juisi, ukwaju kilo 2 kwa lita 25 na sukari kama kilo 2 na nusu, ikamuliwe asubuhi, ikae kwenye ubaridi. Barafu itengenezwe kwa maji safi ya kunywa, siyo ya bombani moja kwa moja.

MWANAIDI: Kupakua: sinia 25 kwa watu wanne wanne. Bakuli moja ndilo kipimo, kila sinia idadi ileile ya bakuli, kisha mtu mmoja tu, mwenye moyo mgumu, anaweka vipande nane vya nyama na nusu nne za viazi. Pakua kila sufuria toka ukingoni kwenda kati. Sinia tatu za wapishi ziwekwe kando kabla ya sinia ya kwanza kwenda ukumbini.

HAMISI: Na inayobaki. Hili nalisema kwa uzito, dada, kwa sababu kesho kuna ndoa na hatutaki bibi harusi anayetapika. Kuna vijidudu vya kwenye mchele ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Pilau ikikaa ya vuguvugu usiku kucha ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa, vinaamka, vinazaana na kutoa sumu, na kuipasha moto asubuhi hakuiondoi sumu hiyo. Sufuria ya lita 40 haipoi kwa haraka hata ukiiacha uani.

MWANAIDI: Kwa hiyo ndani ya saa mbili tangu moto kuzimwa, iliyobaki itandazwe kwenye sinia, unene wa vidole viwili, ipoe, iingie friji. Nyumba isiyo na friji, igawe usiku huohuo kwa majirani, kwenye vyombo vyao, waile wakati ingali moto. Na yale masufuria mawili yajazwe maji hadi ukoko uzame kabla hujalala, maana saa kumi na moja alfajiri yanahitajika kwa chai na maandazi.