Msitu wa Umma, Geti Limefungwa: Uwindaji Huku Montana

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo nipo nje kidogo ya mji wa Missoula, jimbo la Montana, Marekani, ndani ya msitu wa taifa wa Lolo. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo wengi mtashangaa: huku mwananchi wa kawaida akikata leseni anaingia msituni na bunduki, anawinda, nyama anapeleka nyumbani. Msitu ni wa umma. Sasa oneni nyuma yangu: geti la chuma, kufuli, gari halipiti.

Msimu wa bunduki ukifunguliwa mwishoni mwa Oktoba, malalamiko ni yale yale: msitu wetu, mbona mnatufungia barabara? Na yana uzito. Wanawinda elki, jamii ya kulungu, ila dume lake hufika kilo 300. Ukimwangusha kilomita tano kutoka ulipoacha gari, unamchuna na kumkata pale pale, unabeba paja mgongoni, unashuka nalo, unapanda tena kufuata lingine. Mzee wa miaka 70 atafanyaje?

Hata hivyo mimi nalitetea geti. Elki haelewani na injini. Kule Oregon, katika msitu wa utafiti wa Starkey, walivishwa kola za kufuatilia nyendo zao, ikaonekana wanakaa mbali na barabara zenye magari, na pikipiki za magurudumu manne zinawafukuza kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Wakifukuzwa, mara nyingi hushukia kwenye ranchi za watu binafsi, na huko huingii bila ruhusa ya mwenyewe. Anayeumia ni mwindaji asiye na ardhi, asiye na pesa za kulipia ranchi, asiyefahamiana na tajiri yeyote. Huyo ndiye geti hili linamlindia wanyama wake.

Kanuni ya mwaka 2005 inautaka kila msitu wa taifa utoe ramani ya njia zinazoruhusiwa magari. Njia isiyo kwenye ramani, huingii na gari. Kanuni hiyo hiyo imeacha mwanya: msitu unaweza kuruhusu gari litoke kidogo nje ya barabara fulani kwenda kuchukua mnyama aliyekwisha kuuawa. Mwanya huo ningependa wapewe wazee na walemavu kwanza.

Hebu sogea na kamera hapa pembeni. Mnaona? Mtu amelizunguka geti. Nyasi zimelala, matairi yamechimba mifereji miwili, na mvua iliyonyesha inapita humo humo ikibeba udongo kuelekea kijito kile cha chini. Hili linaniuma sana, kwa sababu wa pili akiona alama hizi naye atapita.

Mlioko Montana au Idaho mnaotaka kuanza kuwinda, ramani hizo hutolewa bure kwenye ofisi za msitu. Chukueni ya mwaka huu, na msome tarehe zake, maana barabara nyingine hufunguliwa miezi fulani tu.