Konea Ikivimba Baada ya Kuondolewa Mtoto wa Jicho

Maafisa wa kliniki na wauguzi wa macho mliofika kutoka Siaya, Vihiga na hapa Kisumu, pamoja na wazee wetu ambao mmekwisha kufanyiwa upasuaji, hamjambo.

Naanza na mama mmoja muuza omena wa Dunga, aliyekuja kliniki mwezi wa pili baada ya kuondolewa mtoto wa jicho. Akiamka aliona ukungu mtupu, hata beseni lake halitambui. Jua likipanda ukungu ulipungua, na ikifika saa saba mchana alihesabu noti zake bila shida. Binti yake alidhani anasingizia. Mimi nilijua alichokuwa nacho kabla sijawasha taa ya kumpima.

Konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ina unene wa nusu milimita hivi. Kwa ndani imetandikwa safu moja tu ya seli ziitwazo endothelia, na kazi yake ni kuyatoa maji yanayopenya kutoka ndani ya jicho, kama wavuvi wanaoyachota maji katika mtumbwi unaovuja. Mtu mzima huwa na seli kama 2,500 katika kila milimita mraba. Zikifa hazizaliwi nyingine. Zilizobaki hutanuka ili kuziba pengo. Upasuaji huua baadhi yake, ama kwa nguvu ya mawimbi ya sauti yanayoivunja lenzi, ama kwa lenzi yenyewe kuzisugua wakati wa kutolewa, na kadiri mgonjwa anavyochelewa hadi mtoto wa jicho akawa mgumu, ndivyo hasara inavyozidi. Zikipungua hadi kama 500, maji huwashinda wachotaji, na konea huvimba na kupoteza uangavu wake. Usiku kope zimefumba, unyevu hauna pa kukaukia. Ndiyo maana ukungu wa yule mama ulikuwa wa asubuhi.

Katika siku na wiki za mwanzo, uvimbe mwingi huisha kwa sababu seli zilikuwa zimeshtuka tu, hazijafa. Hapo tunatumia matone ya prednisoloni ya asilimia 1, ambayo hutuliza mchochota ndani ya jicho na kuzipa seli nafasi ya kurejea kazini. Ni dawa nzuri, nami naiogopa. Kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho kimyakimya, na ikitiwa kwenye jicho lenye kidonda cha kuvu (fangasi) wa shambani, kama kile cha mtu aliyechomwa na jani la mahindi, huulisha ugonjwa ule ule. Kwa hiyo mgonjwa anayerudi kemisti na chupa tupu kuomba nyingine bila kupimwa anajiweka hatarini, na anayemuuzia ana lawama zaidi.

Dawa ya pili ni chumvi, yaani sodiamu kloridi ya asilimia 5, matone mchana na mafuta yake wakati wa kulala. Huyavuta maji kutoka upande wa mbele wa konea. Inawasha, na haiongezi hata seli moja, inakausha tu. (Naomba mtu asiende nyumbani kukoroga chumvi ya jikoni kwenye kikombe. Dawa hii hutengenezwa bila vijidudu.) Presha ya jicho nayo ikiwa juu husukuma maji ndani ya konea, basi tunaishusha, mara nyingi kwa timololi. Dozolamidi, dawa nyingine ya kushusha presha hiyo, naitumia kwa tahadhari, kwa kuwa huzuia kimeng'enya ambacho seli hizo hizo hukihitaji ili kuyasukuma maji.

Mnaniuliza sana kuhusu dawa mpya zinazozuia kimeng'enya cha Rho-kinase. Ripasudili iliidhinishwa Japani mwaka 2014 na netasudili Marekani mwaka 2017, zote kwa ajili ya glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho. Madaktari wanaozitumia kwa konea wanafanya hivyo nje ya idhini hiyo. Zinazisaidia seli zilizobaki kusogea na kushikamana, na huwafanya wengi macho kuwa mekundu. Mwaka 2018 Shigeru Kinoshita na wenzake wa Kyoto walieleza jinsi walivyowadunga wagonjwa 11, ndani ya jicho, seli za konea zilizokuzwa maabara, zikiwa zimechanganywa na dawa ya jamii hiyo, na konea zikarudi kuwa angavu. Mimi naona matumaini ya kweli hapo, lakini pasipo na seli dawa haina wa kumsaidia, na uvimbe uliodumu miezi mitatu au zaidi kwa kawaida hutupeleka kwenye upandikizaji wa konea.

Mama wa Dunga nilimpa chumvi, nikamwandikia rufaa ya upandikizaji. Bintiye, yule aliyemshuku, ana saluni. Siku hizi kila asubuhi humshikia mama yake mashine ya kukausha nywele, hewa vuguvugu, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, dakika chache tu. Ukungu unaondoka saa tatu badala ya saa saba, na omena inafika sokoni mapema.

Karibuni kwa maswali.