Anua na za Jirani

Wazazi wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja, tena na watoto. Naomba watoto wabaki humu ukumbini, kwa sababu maneno haya yanawahusu.

Nitaanza na kamba ya nguo. Wengi wetu hapa Nakuru tunaishi kwenye ploti, iwe ni Kaptembwo, Rhonda, Bondeni au Free Area. Milango kumi, mfereji mmoja, kamba zimekatiza uani ukuta hadi ukuta. Na mvua ya mwezi wa nne mnaijua. Asubuhi jua linawaka, saa nane wingu linatanda upande wa Menengai, na hujafunga dirisha matone yashaanza. Basi tunakimbia, kila mtu anaanua zake, anaingia ndani. Za yule mama aliye kazini zinabaki zikinyeshewa, na yunifomu ya kesho imo humo humo.

Mwaka juzi nilikuwa mlangoni nimekumbatia nguo zangu, binti yangu wa miaka sita akaniuliza, "Mama, na zile?" Nilikosa jibu. Niliitazama sweta moja ndogo ya kijani ikilowa, tukatoka wote wawili. Yeye kamba haifikii, kwa hiyo nilitoa vibanio mimi, nguo nikampa azibebe kifuani. Tukazikunja, za ndani tukazifunika katikati ya shuka, maana mtu asaidiwe na asitirike pia. Jirani aliporudi saa moja usiku, mtoto ndiye aliyempelekea. Nilisimama kwangu nikamtazama akibisha hodi. Tangu siku hiyo wingu likitanda, yeye ndiye anayeniita.

Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Mimi nimemwambia mtoto huyu "uwe mwema" mara ngapi sijui, lakini lililomwingia ni lile alilobeba mwenyewe.

Hapo ndipo nina wasiwasi na sisi wazazi. Sisi si wachoyo. Kukitokea msiba au bili ya hospitali, tunachanga usiku huo huo kwa M-Pesa. Lakini mtoto anaona nini? Anamwona mama akibonyeza simu, basi. Zamani sisi tulitumwa na bakuli la maharage kwa jirani, tukiambiwa tushike kwa mikono miwili, na bakuli lile halikurudi tupu: lilikuja na viazi, au ndizi mbili. Tukajua nani mgonjwa, nani kajifungua. Kwa hiyo ukituma mchango, mwite mtoto, mwambie pesa zinaenda kwa nani na kwa nini. Ukienda matangani, mchukue, na ile kilo ya sukari aibebe yeye.

Mengine ni madogo mno, nayataja tu. Siku ya maji, mjazieni mtungi mama mjamzito. Soja wa usiku apelekewe chai ikiwa bado moto. Jirani aliyeishiwa na tokeni za stima, watoto wake waje wafanyie homuwaki kwenu. Na tafadhali, nguo iliyochanika usimpe mtu. Hilo ni tambara la kupangusia. Mtoto achague shati ambalo yeye mwenyewe angelivaa. Wala msipige picha.

Wenye umri wangu wanakumbuka Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Watu wa mji huu walilala uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho, wakiwakimbia watu waliowajua. Lakini wapo pia waliofichwa chumbani na jirani wa kabila jingine, na jirani huyo alijua hatari anayoiita mlangoni kwake. Walikuwa wamechota maji mfereji mmoja miaka mingi, watoto wao wamelishana. Sisemi bakuli la maharage lingezuia yaliyotokea. Nasema natamani binti yangu awajue watu wa milango ile tisa kwa majina, na kwa walichorudisha kwenye bakuli, kabla mtu mwingine hajamfundisha kuwajua kwa kabila.

Naona nje kumeanza kuwa giza, na wengi wetu tumeacha nguo kambani. Tuchukue maswali mawili tu, kisha twendeni.