Dumuzi Mtazame kwa Nyuma

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tuko ghalani, na mahindi yameanza kutoa unga kabla hayajafika mashineni. Kaka Shabani, unga ule chini ya gunia unatuambia nini?

SHABANI: Ahsante, dada. Unatuambia kuna mtobozi ndani, ila hautuambii ni yupi. Fukusi naye hutoboa, lakini unga wake si mwingi. Ukikuta umerundikana, mshuku dumuzi. Shida ni kwamba wapo wawili, dumuzi mkubwa na dumuzi mdogo, na wote hutoa unga.

REHEMA: Fukusi tumtoe kwanza.

SHABANI: Huyo ana mdomo uliochongoka mbele kama mkonga, na mgongoni mara nyingi ana madoa manne mekundu-mekundu. Basi, tumemalizana naye.

REHEMA: Haya, hao wawili sasa.

SHABANI: Hapo ndipo penyewe! Wote ni wadogo, wa kahawia iliyokolea, mwili mrefu wa mviringo, na ukiwatazama kutoka juu kichwa hukioni, kimejificha chini ya kifua. Wengi hupima urefu: mkubwa ana milimita 3 hadi 4.5, mdogo 2 hadi 3. Mimi urefu siutegemei. Ukiwa na mmoja tu mkononi, utamlinganisha na nani? Mtazame nyuma. Mbawa ngumu za dumuzi mkubwa zinafika mwisho zinashuka ghafla, pamekuwa bapa, na kila upande una ukingo ulioinuka. Ukiwa juu yake, mwisho huo unaonekana wa mraba. Mdogo nyuma pameviringika, panateremka taratibu.

REHEMA: Kwa lenzi ya kawaida ya mkononi naweza kuziona kingo hizo?

SHABANI: Unaziona vizuri. Mlaze kwenye karatasi nyeupe, mwanga umpige kutoka ubavuni. Na tafuta aliyekufa, huyo hatakukimbia.

REHEMA: Mkulima atauliza, kwani nihangaike ya nini, si wote wanakula mahindi yangu?

SHABANI: Swali zuri, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela. Dumuzi mkubwa ni mgeni, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Huku kwetu alijulikana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Kenya akaonekana Taveta mwaka 1983. Yeye hupenda mahindi ambayo bado yako kwenye magunzi, kwa sababu gunzi linaishika punje isitikisike anapotoboa. Ndiyo maana wakulima walihimizwa kupukuchua kwanza, kisha kutia dawa.

REHEMA: Na dawa yenyewe?

SHABANI: Pirimifosi-methili inamweza fukusi, lakini kwa dumuzi mkubwa haina nguvu ya kutosha. Yeye anamwogopa permethrini. Kwa hiyo kwenye duka la pembejeo soma pakiti: ile ya vumbi yenye viambato vyote viwili ndiyo imetengenezwa kwa ghala lenye fukusi na dumuzi pamoja. Na ghala lenyewe ulisafishe, nguzo zikaguliwe, kwa kuwa dumuzi hutoboa mbao pia, na makopa ya muhogo hayaachi.

REHEMA: Kuna mdudu mwingine mweusi, anang'aa, watu humwua wakidhani naye ni dumuzi.

SHABANI: Inasikitisha, kwa sababu anaweza kuwa Teretrius nigrescens, anayekula mayai na viwavi vya dumuzi mkubwa. Aliachiliwa Togo mwaka 1991, Kenya mwaka 1992. Naye mtazame kwa nyuma: mbawa zake ni fupi, ncha ya tumbo imebaki wazi.

REHEMA: Kwa hiyo nikimwona huyo, dumuzi hayuko mbali.

SHABANI: Hayuko mbali hata kidogo. Huyo hufuata harufu ambayo dumuzi dume huitoa kuwaita wenzake. Ukimkuta kwenye kihenge chako, anza kupasua punje za pale pale.