Tone la Maji Juu ya Siti: Mhadhara kwa Waosha Magari wa Tanga

Asalaam aleikum, na habari za mchana kwenu nyote. Nimeitwa niseme dawa ipi ya siti za ngozi inashinda nyingine. Mimi ni mshona siti, hapa Ngamiani wengi mnanijua. Mezani nimepanga chupa za kigeni, sabuni ya unga, na kichupa cha mafuta ya nazi. Nawaona mnacheka hicho kichupa. Chekeni tu, tutakifikia.

Kwanza siti hii, niliyoing'oa kwenye gari kuukuu la Kijapani. Kijana wa mbele, njoo udondoshe tone la maji hapa pa kukalia. Haya, linafanyaje? Limetuna kama ushanga, halizami.

Basi ugomvi wote wa dawa umo kwenye tone hilo. Ngozi ya magari mengi ya leo imepakwa rangi, na juu ya rangi likawekwa tabaka jembamba la poliyurethani, nduguye plastiki. Maji hayapiti, na krimu nayo haipiti kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo ukisoma kwenye chupa kwamba dawa hii "inalisha ngozi", jiulize inailishia wapi na mdomo umezibwa. Tena mara nyingi ngozi yenyewe ni hapa unapokalia na unapoegemea tu. Ubavuni na mgongoni ni ngozi bandia, na mwenye gari hajui, naye msimwambie siku ya kwanza.

Ipo ngozi nyingine isiyozibwa, waiitayo anilini. Tone likiangukia huko linanywewa papo hapo na kuacha doa. Ni chache na ni ghali. Ukikutana nayo, weka brashi chini, zungumza na mwenye mali kwanza.

Sasa uchafu. Siti ya Tanga inabeba jasho, mafuta ya nywele pale kichwa kinapolala, vumbi, chumvi ya upepo wa bahari kwa wale wanaoegesha Raskazone, na rangi ya suruali za jinzi. Katika hayo yote adui mkubwa ni jasho na mafuta ya mwili. Yakikaa miezi yanalainisha lile tabaka, ndiyo maana linaanza kubanduka kwenye usukani na kwenye ukingo wa siti ya dereva, pale anaposugua paja akiingia na kutoka. Watu wakiona hivyo wanasema ngozi imekauka, wanamwagia mafuta. Kumbe ilikuwa chafu.

Kwa hiyo mimi pesa yangu naiweka kwenye chupa ya kusafishia, ya kulainishia inafuata baadaye sana.

Niwape kisa changu, aibu nimeshaizoea. Nilipoanza kazi nililetewa gari lenye siti za kahawia. Nikakoroga sabuni ya unga, nikachukua brashi ya kufulia, nikasugua kwa moyo wote. Ziling'aa! Ijumaa iliyofuata mwenye gari akanijia na kanzu yake nyeupe, akanigeuzia mgongo bila salamu. Alama ya kahawia, upana wa kiganja, imetulia mabegani. Rangi ya siti ilikuwa imehamia kwenye kanzu. Nililipa kanzu, na siti nikazipaka rangi upya kwa gharama yangu.

Nilikosea wapi? Ngozi iliyotengenezwa kwa kromu, dawa ya kiwandani ya kulainisha ngozi mbichi isioze, ina uchachu kidogo. pH yake, yaani kipimo cha uchachu na magadi, ni kama 4 hivi, na namba ikipanda magadi yanazidi. Sabuni ya unga ikiingia majini inafika 10 na zaidi. Hata ile sabuni ya matandiko ya farasi, ambayo watu wanaiamini kwa sababu inauzwa kuwa ya ngozi, ni ya upande huo huo wa magadi. Ilitengenezwa kwa ngozi nene za hatamu, siyo kwa siti iliyopakwa rangi. Na kile kisifongo cheupe cha kufutia kuta ni msasa uliojificha, kinafuta doa pamoja na tabaka.

Hii hapa ni Lexol. Wanauza chupa mbili, ya kusafishia na ya kulainishia, na ya kusafishia imepimwa isiichokoze ngozi. Tazameni. Povu naliweka kwenye brashi laini, siti siinyunyizii. Kama siti ina vitundu, dawa ikizama inafika kwenye godoro, na chini ya hapo kuna nyaya. Nazungusha polepole, nusu ya siti tu, nafuta na kitambaa cheupe. Pokea kitambaa, zungusha watu waone. Rangi gani hiyo? Chai ya rangi, tena ya mkandaa. Na siti hii mlipoingia mliiona safi. Angalieni pia kwamba nusu niliyosafisha haing'ai, imefifia kama ngozi mpya ilivyo. Kung'aa kule kulikuwa mafuta ya watu.

Meguiar's wana chupa ya Gold Class inayosafisha na kulainisha kwa mkupuo mmoja. Kwa gari linalooshwa kila wiki inafaa na inaokoa muda. Kwa siti kama hii siitaki, maana unalainisha juu ya uchafu.

Leatherique ni habari nyingine kabisa. Unapaka mafuta yao, unafunga vioo, unaliacha gari juani kwa saa kadhaa. Uchafu unapanda juu unanata, ndipo unafuta na chupa yao ya pili. Jua tunalo, hilo si tatizo. Lakini hiyo ni dawa ya ngozi ya zamani, iliyochoka tabaka, kama zile za Connolly wa London, walioanza mwaka 1878 na wakawa wanaipa ngozi Rolls-Royce. Kwa gari la juzi ni kazi nyingi, faida kidogo.

Za kung'arisha zenye silikoni mimi sipaki pa kukalia. Abiria anateleza, na vumbi linanata.

Haya, mafuta ya nazi. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo hapa kwetu yako majimaji karibu mwaka mzima. Kwenye siti iliyozibwa yanabaki juu, yanakamata vumbi, kisha yanahamia kwenye nguo. Kwenye anilini yanazama na kuitia giza, hayatoki tena. Yarudisheni jikoni kwenye wali, au kwa bibi akapake nywele.

Bwana wa nyuma anauliza nyufa. Krimu haizibi ufa. Inaufanya usionekane kwa siku mbili tatu, kisha unarudi. Ufa unahitaji kujazwa na kupakwa rangi, na hiyo ni kazi yangu, bei tutaongea nje.

Mama hapa anasema gari lake lilifungwa masika yote likaota ukungu. Mama, fungua milango yote pahali penye upepo, likauke kwanza. Ukungu upanguse utoke nje ya gari, usiuvute pumzi, kisha dawa ya kusafishia, kisha kitambaa chenye maji kidogo, kisha liache wazi mpaka likauke hadi chini ya mazulia. Usipake krimu yoyote siku hiyo. Ukungu unakula mafuta ya krimu.

Nusu ya pili ya siti nimewaachia. Brashi zipo tatu, vitambaa vipo. Aanze yule aliyecheka mafuta ya nazi.