Kinyama Kwanza, Deksamethasoni Baadaye

Mada niliyopewa ni uvimbe adimu wa ubongo kwa watu wazima. Walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi. Vumilieni.

Mtu wa miaka 60 analetwa na ndugu zake. Maneno yamekuwa mazito, anasahau, mguu mmoja anauburuta. MRI inaonyesha uvimbe uliong'aa sana baada ya dawa ya kung'arisha picha, uko ndani kabisa, umeegemea vyumba vya maji ya ubongo. Daktari wa zamu anafanya nini? Mkono unakwenda wenyewe kwenye deksamethasoni, dawa ya steroidi. Haichukui siku nyingi, mgonjwa anaongea, anakula, anawatania wauguzi. Familia inashangilia. Biopsi, yaani kuchukua kinyama cha uvimbe kikapimwe? Ya nini tena, si amepata nafuu! Inaahirishwa. Ikija kufanywa, mwanapatholojia anakuta seli zilizokufa na seli za kinga zilizokuja kuzoa mabaki, basi. Anaandika kwamba saratani haikuonekana, na hajadanganya: kwenye kipande alichopewa haikuwemo. Mgonjwa anaruhusiwa. Kisha uvimbe unarudi, pengine upande mwingine wa ubongo, na sasa mgonjwa amedhoofu mno kuhimili dawa ambazo zingemsaidia.

Ilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga, safari hii ndani ya ubongo. Kwenye uvimbe mwingine steroidi hupunguza maji yanayouzunguka. Kwenye limfoma huua seli zenyewe, lakini haizimalizi. Umefagia nyayo za mwizi, na mwizi bado yumo ndani.

Najua kuna anayetaka kuniuliza: "Na mgonjwa akizidiwa, presha ya kichwani ikapanda, nimwangalie tu?" Nani kasema? Mpe, tena sasa hivi. Ninayemsema mimi ni yule anayetembea na kuongea, ambaye biopsi yake ingefanyika kesho kutwa. Huyo deksamethasoni ya nini? Ya kumtuliza daktari?

Na jina la ugonjwa si pambo la faili. Glioblastoma, saratani kali ya ubongo wenyewe, huondolewa kadiri usalama unavyoruhusu, kisha mionzi pamoja na dawa ya saratani temozolomidi, utaratibu tulio nao tangu 2005. Limfoma kwa kawaida haihitaji kukatwa yote. Sindano ya biopsi inatosha, kisha dawa ya saratani methotreksati kwa kiwango kikubwa kinachofika kwenye ubongo, na wapo wanaopona. Picha zao zinaweza kufanana mpaka bingwa wa radiolojia akasita.

Wengine watasema: "Haya ni magonjwa nadra, nitakutana nayo lini?" Orodha ya Shirika la Afya Duniani ina aina zaidi ya 100 za uvimbe wa mfumo mkuu wa fahamu. Moja moja ni nadra. Zikijumlishwa, utakutana nazo.

Orodha hiyo tangu 2016 inataka jeni ndani ya jina, na toleo la 2021 limekaza zaidi. Usiniambie "oligodendroglioma", aina mojawapo ya glioma (uvimbe wa seli zinazoutegemeza ubongo), kwa sababu seli zina umbo zuri kwenye darubini. Nionyeshe badiliko la jeni ya IDH, nionyeshe kwamba mikono ya kromosomu 1p na 19q imepotea yote miwili. Na glioma inayoonekana tulivu kwa mtu mzima, isiyo na badiliko la IDH lakini yenye badiliko la jeni ya TERT, hiyo ni glioblastoma, hata kama darubini inakubembeleza. Kwa hiyo, ndugu zangu wa upasuaji, chembe mbili zilizoungua kwa umeme si sampuli.

Kraniofaringioma ni uvimbe unaoota chini ya ubongo, karibu na tezi ya pituitari. Ile ya aina ya papilari, inayowapata zaidi watu wazima, karibu kila mara ina badiliko la jeni liitwalo BRAF V600E. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya vemurafenibu na kobimetinibu, dawa zinazolenga njia ya badiliko hilo: wagonjwa 15 kati ya 16 uvimbe ulisinyaa kwa kiasi kikubwa. Bila kupima jeni, ungeendelea kuchokonoa jirani kabisa na mishipa ya macho.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Meduloblastoma na ependimoma ni uvimbe unaoweza kusambaa hadi uti wa mgongo: piga MRI ya uti wa mgongo wote, si kichwa peke yake, na ifanyike kabla ya upasuaji ikiwezekana, maana damu ya upasuaji hushuka na kuivuruga picha. Uvimbe wa eneo la tezi ya pineali: pima AFP na beta-hCG, protini ambazo baadhi ya uvimbe huo huzitoa, kwenye damu, na kwenye maji ya uti wa mgongo kama ni salama kuyatoa. Vikipanda vya kutosha, hapo kinyama changu huenda kisihitajike, na ndipo pekee leo mtakaponisikia nikikubali hilo. Germinoma, mojawapo ya uvimbe wa eneo hilo, husikia mionzi vizuri mno. Vidonge vya vorasidenibu, vya glioma zenye badiliko la IDH, nilivipangia dakika 10, niulizeni nje.